Siku Niliyomtangaza Rubani Golini

Binti yangu ana kazi mbili, na kila moja inamtaka mzima. Ni rubani wa ndege ndogo zinazobeba watalii na watu wa maofisi kutoka Dar kwenda mbugani na mikoani. Tena ni golikipa wa kulipwa, ligi kuu ya wanawake. Watu wakisikia hivyo huniuliza ya kweli ni ipi. Zote ni za kweli. Mimi niliishia darasa la nne, sina elimu ya kutunga uongo mrefu kiasi hicho.

Nimeishi Ulaya maisha yangu yote. Nasema Ulaya yetu hii ya Kilosa, yenye gulio na baiskeli, siyo ile ya wazungu. Nina mashine ya kukoboa mpunga, ya kwangu mwenyewe, niliyoipata baada ya kupepeta mpunga wa watu mpaka vidole vikasahau kunyooka. Hakuna mwanaume aliyenishika mkono. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, na nadhani bado anaitafuta.

Ugolikipa binti aliujifunzia mashineni. Mchele ukishafungwa kwenye viroba, mimi nilisimama mlangoni nikivirusha, yeye alikuwa nje akividaka na kuvipanga kwenye toroli. Kikimponyoka kinapasuka, na kikipasuka anaokota punje kwa punje. Basi akaacha kuponyokwa. Makocha wa Dar wanasema ana mikono ya kuzaliwa nayo. Kuzaliwa nayo wapi? Ile mikono nimeitengeneza mimi kwa viroba vya kilo tano.

Urubani aliupatia Mikumi. Tulikuwa tunapeleka mchele kwa mama lishe wa pale malori yanapolala. Siku moja tumo ndani ya lori, tunapita barabara kuu katikati ya hifadhi, tukaona ndege inashuka, mara ikapanda tena, ikaanza kuzunguka. Kumbe twiga walikuwa wamejisimamia kwenye uwanja wa ndege kama wanasubiri abiria wao, na gari la hifadhi lilikuwa linawafukuza.

"Mama, aliyemo ndani anawaona twiga?" akaniuliza.

"Anawaona."

"Haogopi?"

"Kamuulize mwenyewe."

Alikwenda kumuuliza kweli, ila ilimchukua miaka kumi na tano na mashine yangu ilikoboa usiku na mchana.

Sasa mtu atasema, mtu mmoja anawezaje kurusha ndege na kudaka mpira? Anaweza kwa kubadilishana zamu. Mechi ikiangukia siku yake ya kuruka, anamwomba rubani mwenzake amshikie, naye anamlipa kwa kumrukia sikukuu. Krismasi za wenzake anaruka yeye. Mwaka mpya anaruka yeye. Hata Idd, ambayo ni yetu, ameshaitoa mara mbili kwa ajili ya mechi, na mimi nikala pilau na majirani huku namwangalia kwenye simu. Sikufurahi, na nilimwambia sikufurahi. Akacheka, akasema, "Mama, golini hakuna Idd."

Haya yote nimeyasema ili mjue nilikuwa na kidonda tayari siku mwanamke wa Kilangali alipokuja kukitonesha.

Huyo mwanamke tulianza naye biashara pamoja, tukiuza pumba gulioni, kila mmoja na kipande chake cha turubai. Leo ana mashamba ya mpunga Kilangali na meno mawili ya dhahabu. Yeye ni mlezi wa timu ya kina mama wa Kilangali, mimi ni mlezi wa timu ya kina mama wa Ulaya. Kila baada ya mavuno tunacheza mechi moja, zawadi yake beberu. Mwaka uliotangulia beberu alikwenda kwao. Siku ya gulio akanikuta napima mchele, akasimama mbele ya mizani yangu na mwavuli wake.

"Dada, mwaka huu mmejiandaa, au tumtafutie beberu banda mapema?"

"Mwaka huu mtarudi mnalia njia nzima."

"Nani atatuliza? Yule kipa wenu wa maandazi?"

"Tuna kipa mwingine," nikasema. Hapo nilikuwa bado sina.

"Au yule rubani wako?" Akageukia wateja wangu. "Jamani, huyu mtoto kuna mtu amemwona kwa macho, au wote tunamwona kwenye simu ya mama yake? Mwanamke mwenzangu, kubali tu. Ulimzaa wewe, lakini sasa ni wa Dar."

Wateja wakacheka. Mmoja wao alikuwa na kilo kumi zangu mkononi na bado akacheka.

"Atasimama golini," nikasema. "Jumamosi. Njooni mmshike muone kama ni wa kwenye simu."

Neno likawa limeshatoka. Na mimi nikishasema, nimesema. Ndivyo nilivyopata mashine, ndivyo nilivyosomesha.

Msinione mjinga, hesabu nilikuwa nayo. Binti alikuwa ameniambia kwamba Jumamosi hiyo atashusha watalii Mikumi saa nne asubuhi na kuondoka na wengine saa kumi jioni, kwa hiyo niende getini tuonane. Saa nne hadi saa kumi! Mimi nimefanya kazi na madereva wa malori miaka thelathini. Dereva akiambiwa asubiri mzigo kwa saa sita, anakwenda kunyoa, anakwenda kumtembelea shangazi, anaweza akaoa na mke wa pili, na mzigo ukiwa tayari anakutwa kwenye usukani. Nikaona rubani ni hivyo hivyo. Namchukua getini, anadaka kipindi kimoja, namrudisha. Sikumwambia. Nilitaka nikimfikia nimvalishe jezi tu, asipate nafasi ya kubisha.

Nikafanya mambo matatu. Kwanza, mechi iliyokuwa ya saa kumi nikaisogeza hadi saa saba mchana. Watu wakalalamika jua, nikawaambia rubani hasubiri kivuli. Pili, nikamwambia kipa wetu akae benchi. Kipa wetu ni muuza maandazi, mwanamke mpana, mikono yake imezoea mafuta ya moto kiasi kwamba mpira kwake ni kitu cha baridi. Nilimwambia, "Wewe pumzika, mtaalamu anakuja." Aliniangalia, akafunika ndoo yake ya maandazi, akaondoka. Tatu, nikakodi pikipiki ya matangazo yenye spika, nikarekodi kwa sauti yangu mwenyewe: "Wananchi wa Ulaya! Jumamosi saa saba, uwanja wa shule! Golini atasimama rubani, mtoto wetu, kipa wa ligi kuu! Kilangali waje na leso za kufutia machozi!" Ikazunguka siku tatu, hata waliolala mchana waliniota mimi.

Hapo ningeishia ningekuwa nimefanya kosa dogo. Lakini nilikwenda Kilosa mjini, kwa dada mmoja mwenye steshenari anayetengeneza kadi za harusi, nikamwambia anitengenezee tangazo la kwenye simu. Nikampa picha ya binti amevaa sare ya rubani. Akanitolea kitu kizuri sana, binti katikati, mpira pembeni, na maua mekundu kuzunguka, kwa sababu maua ndiyo yaliyokuwa kwenye kompyuta yake. Nikalituma kwenye magrupu yote niliyomo. Watu wawili wakanipigia kunipongeza kwa harusi. Mmoja akauliza bwana harusi ni timu gani.

Jumamosi asubuhi nikakodi gari ndogo pamoja na dereva wake, mzee mwenzangu asiyependa kuongea. Nikachukua jezi namba moja, glovu, na soksi, nikavitia kwenye mfuko. Tulipofika ndani ya hifadhi nikamhimiza aongeze mwendo. Akaninyooshea mdomo kwenye lile bango la barabarani lililoorodhesha faini ya kila mnyama ukimgonga.

"Wewe utamlipa twiga?" akaniuliza. Hilo ndilo neno pekee alilosema njia nzima.

Nikafika getini saa nne na nusu. Binti alikuwa ameshashuka, gari la hifadhi lilikuwa limemleta kutoka uwanja wa ndege, amesimama pembeni ya kibanda cha soda. Shati jeupe, mistari mabegani, nywele kazifunga nyuma. Nakiri kwamba kila nikimwona na ile mistari nanyooka mgongo mwenyewe, kama vile imeshonwa kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Twende, gari liko tayari."

"Twende wapi? Kaa kwanza, mama. Asubuhi yangu imeharibika." Akatoa simu. "Kuna mtu kanichafua. Meneja wa klabu kanitumia hiki kitu saa moja asubuhi, kabla sijaruka. Hebu ona. Eti leo nacheza ndondo za mtaani, Ulaya. Na maua! Nimemwambia ni feki, mtu kaiba picha yangu. Mama, nikimpata aliyefanya hivi..."

Akaninyooshea simu. Nikaliona tangazo langu.

Nilikuwa na mfuko mkononi, na mfuko wenyewe ni wa nailoni, ile inayoonyesha. Akaangalia mfuko. Akaona namba moja.

"Mama."

"Ni kipindi kimoja tu."

"Mama!"

"Una saa sita nzima hapa hufanyi kitu! Saa saba unadaka, saa nane kasoro tunaondoka, saa tisa na nusu uko hapa. Nimepiga hesabu."

"Nipo kazini, mama. Hapa ninaposimama nimo kazini. Siyo lori hili, siwezi kuliacha nikaenda kwa shangazi. Nikichelewa, nikichoka, nikivunjika, wale abiria wa saa kumi anawapeleka nani?"

"Hutavunjika. Unacheza na kina mama. Kuna mmoja ana wajukuu sita."

Halafu akanyoosha mkono wa kushoto mbele ya uso wangu, vidole vimepanuliwa. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwa nje kidogo, kama mtu aliyegeuka kusikia anaitwa.

"Unakikumbuka hiki?"

"Si ulibanwa na mlango?"

"Sikubanwa na mlango. Nilidaka penalti. Daktari wa marubani akanizuia kuruka wiki saba. Nilipokuja nyumbani nikakwambia niko likizo, sikuwa likizo. Nilikuwa sina kazi hata moja kati ya mbili. Kampuni walikuwa wameshaandika barua, nichague ndege au mpira."

Likizo ile niliikumbuka vizuri sana. Alikaa kwangu karibu wiki tatu, mkono kaufunga kitambaa, na kila siku nilimsema. Nilimwita mvivu. Nilimwambia Dar imemharibu, kwa kidole kimoja tu hawezi kusonga ugali. Siku moja akaja akashika mwiko akasonga kweli, akiuma meno, nami nikasema, "Umeona? Kumbe unaweza."

Nilikishika kile kidole.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekwenda kumpiga aliyepiga penalti."

Hilo ni kweli, ningekwenda.

Basi akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto, na mimi nikasikiliza kama mtoto. Baada ya kile kidole, bosi wa ndege na meneja wa klabu walikaa meza moja. Wakakubaliana aendelee na kazi zote mbili kwa sharti moja. Atadaka mechi za klabu tu, penye daktari na penye nyasi, na kwingine kokote hatagusa mpira. Si mazoezi ya mtaani, si ndondo, si bonanza la kina mama. Siku watakayosikia amegusa, klabu inavunja mkataba na kampuni inamkataza mpira moja kwa moja. Sharti lenyewe halina polisi. Linalindwa na neno lake tu.

"Na leo asubuhi," akasema, "nimempa meneja neno langu kwamba lile tangazo ni feki. Sasa nimemdanganya bila kujua."

"Usimwambie ni mimi."

"Nimwambie ni nani, mama? Sauti yako iko kwenye spika. Kuna mtu kamtumia na sauti ya tangazo, mimi tu sikuwa nimeifungua!"

Nikamwambia, "Mpigie. Nipe niongee naye."

Akapiga. Meneja ni mwanamke, sauti yake kavu, ya mtu aliyezoea kuvumilia marefa wabovu. Nikajitambulisha, nikamwambia kosa ni langu, mtoto hakujua, kipa hachezi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimekuelewa. Lakini mimi nina picha mkononi na sauti mkononi. Leo jioni bosi wa ndege naye atakuwa nazo. Nikimwambia mama yake kanipigia simu, ataniona mimi mtoto. Maneno ya kwenye simu hayawezi kufuta kitu kilichotangazwa kijiji kizima."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Sijui, mama. Wewe ndiye uliyetangaza."

Akakata. Si kwa ubaya. Lakini alikata.

Nilimrudishia binti simu yake. Nikamwambia, "Wewe rusha ndege yako. Mimi naenda kulimeza nililolitema." Akaniangalia kama haniamini, na hakuwa na sababu ya kuniamini, maana tangu azaliwe hajawahi kunisikia nikisema samahani hadharani. Hata faraghani ni mara chache.

"Mama," akaniita nimeshafika kwenye gari. "Na watu wasiangalie juu. Ulaya haiko kwenye njia yangu. Siwezi kupita kuwapungia mkono."

"Nani kakwambia wataangalia juu?"

"Nakujua. Umeshawaahidi."

Nilikuwa nimewaahidi kweli.

Njia nzima ya kurudi nilifikiria jambo moja la karibu zaidi. Golini hakuna mtu. Nikampigia katibu wa timu, nikamwambia mechi irudi saa kumi. Akashangilia. Halafu nikamwambia dereva anipeleke moja kwa moja kwa muuza maandazi.

Nilimkuta anakaanga. Hakusimama. Kwa umri yeye ni mdogo wangu, ilibidi anisalimie, akanisalimia huku anageuza maandazi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Chukua viatu, mechi saa kumi."

"Mtaalamu kafika?"

"Yuko kazini."

"Na mimi niko kazini," akasema. "Nauza maandazi. Siku ya mechi ndiyo siku yangu. Nikikaa benchi nauza nikiwa nimekaa. Nikisimama golini nani ananiuzia?"

"Tutatafuta mtu."

"Sitaki mtu." Akachomoa andazi moja, akalikagua, akalirudisha. "Nakutaka wewe. Ubebe ndoo hii, uzunguke uwanja mzima, na uite kwa sauti. Ile ile ya kwenye spika."

Nilimwangalia nikidhani anatania. Mwanamke mwenye mashine, mlezi wa timu, mama wa rubani, nizunguke na ndoo ya maandazi mbele ya watu wa Kilangali! Mara ya mwisho kubeba kitu kichwani kwa kuuza nilikuwa na mimba ya huyo huyo binti.

"Na nguo ya kufunikia ni ile yenye maua," akaongeza. "Naona unapenda maua."

Nikabeba.

Saa kumi uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Kwanza nikaenda kwenye ile pikipiki ya spika, ndoo nimeitua miguuni. Nikampa katibu simu yangu arekodi, nikamwambia asiache hata neno. Nikashika kipaza sauti.

"Wananchi wa Ulaya na wageni wetu wa Kilangali. Nilitangaza kwamba rubani atadaka leo. Hakuna rubani. Yeye hakuniahidi, hakujua, na hakuruhusiwa. Nilisema mwenyewe kwa kiherehere changu. Ana kazi mbili za watu, na mimi nilitaka kuzichezea mechi ya beberu. Lile tangazo la maua ni langu. Hakuna harusi. Na juu msiangalie, ndege ina njia yake kama reli, haipiti hapa. Samahani kwa waliokuja kumwona. Maandazi yapo."

Halafu mtu nyuma akauliza, "Shilingi ngapi?" na uwanja mzima ukacheka. Sikucheka. Nilimjibu bei.

Nikazunguka. Nikaita. Wa kwanza kununua upande wa wageni alikuwa nani kama siyo yule wa meno ya dhahabu? Alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake kama malkia.

"Mama rubani, nipe mawili. Chagua yaliyoiva."

"Yote yameiva."

"Kumbe yupo kweli, eh? Mtoto."

"Yupo."

Alitafuna taratibu. "Wangu mmoja yuko Mwanza," akasema, "hata picha hanitumii." Halafu akakumbuka sisi ni maadui. "Niongeze moja. Na uite vizuri, sauti yako ndogo."

Mechi yenyewe sikuiona vizuri, nilikuwa na wateja. Najua muuza maandazi alidaka kama mtu mwenye hasira na mimi, maana alikuwa na hasira na mimi. Mipira miwili aliitoa kwa ngumi hadi kwenye mahindi ya mwalimu mkuu. Tulifungwa moja bila, dakika za mwisho, na aliyefunga ni yule mwenye wajukuu sita, kumbe alikuwa wa upande wao. Katikati ya kipindi cha pili kitu kilinguruma mbali kusini, na watu wote, wote, pamoja na refa, wakaangalia juu. "Ni yeye!" wakapiga kelele. Nikawaambia siyo yeye. Walinizomea. Wapo mpaka leo wanaoapa kwamba alipita akatikisa mabawa.

Ndoo iliisha kabla ya filimbi. Nilimkabidhi mwenyewe ikiwa tupu, akanipa mkono.

Jioni nilimtumia binti ile video. Hakujibu. Nilikaa na simu mapajani, naitazama kama mtu anavyotazama chungu. Kama bosi wa ndege ameshaona maua na hajaona ndoo, basi yale yote ya viroba, na ya twiga, na ya sikukuu za wenzake, nimeyamaliza mimi mwenyewe kwa mdomo. Nilikuwa tayari nimepanga kwenda Dar kesho yake, nikasimame mlangoni kwa huyo bosi nimwambie anichukue mimi nikafagie uwanja wake wa ndege, lakini mtoto amwachie mpira wake.

Baada ya swala ya isha ujumbe wa sauti ukaingia.

"Mama, nimetua salama, tangu jioni. Nilikuwa kwenye kikao. Meneja na bosi wote wameiona. Bosi kaiangalia mara tatu, anataka kujua maandazi yale yanapatikana wapi. Mkataba uko palepale, kazi iko palepale. Ila nimepewa adhabu ya mechi moja, ya Jumapili ijayo, ili wachezaji wengine waone. Na kwa kuwa nilishabadilishana zamu kwa ajili ya mechi hiyo, Jumapili sina mpira na sina ndege. Nakuja nyumbani."

Sikuomba apewe adhabu. Naandika hivyo wazi, asije mtu akasema. Lakini nilisikiliza ile sauti mara nne.

Yule wa Kilangali alileta paja la beberu siku ya pili, kwa mkono wake mwenyewe, akasema ni la mtoto na siyo langu. Nililiweka kwenye friji nikalilinda.

Jumapili binti alikuja. Alipotaka kushika mwiko nilimwambia, "Weka chini mikono ya watu," nikasonga mwenyewe. Mchana muuza maandazi akapita, eti anakuja kumsalimia tu, lakini alikuwa amevaa viatu vya mpira. Akamwomba amwonyeshe namna ya kuipokea mipira ya chini. Binti akakaa kwenye kigoda mlangoni pa mashine, akaanza kumwelekeza kwa kidevu. Inama. Zaidi. Kifua nyuma ya mpira. Hakukuwa na mpira, kwa hiyo nikachukua kiroba cha kilo tano, nikasimama nilipokuwa nasimama zamani, nikamrushia muuza maandazi. Akakidaka. Nikamrushia kingine, cha chini, kwa nguvu. Nikamwangalia binti. Mabega yalikuwa yanamcheza kila kiroba kinapopita, na mikono yote miwili alikuwa ameikalia.